Karatasi ya Baba Mkwe

Cheoram, 21 Agosti 1992

Shemeji Mandeuk,

Pokea salamu, wewe na mama Cheolgu. Mimi ni mzima kwa kiasi cha mtu aliyesimama jikoni tangu alfajiri. Mgodi wa pili ulifungwa mwezi wa sita. Wachimba makaa waliobaki wanakuja kula tambi zangu wawili wawili, kimya, kama watu waliotoka mazikoni. Mume wangu, mzee Tak, kifua chake hakipandi ngazi tena. Analala ameketi. Nimezoea.

Nakuandikia kwa jambo moja. Mwezi wa nne, kwenye msiba wa binamu yenu, mwanangu Geumrye alikuja huko kwa niaba yangu, maana mimi sina uso wa kuja. Shangazi Daegok, dada wa baba mkwe, akamwambia mbele ya watu, huku akimpa bakuli la supu, kwamba mama yake alimtupa baba mkwe mgonjwa kama soksi iliyotoboka. Geumrye alilipokea bakuli. Alimaliza supu, akapanda treni, na alipofika hapa akaniuliza kama ni kweli. Ana miaka thelathini na mitatu, na hilo lilikuwa swali lake la kwanza kuhusu nyumba ile.

Nikamtolea ile karatasi aliyoniachia baba mkwe. Akaigeuza huku na huku, akasema yeye alifundishwa herufi zetu tu, hizi za Kichina hajui hata moja. Mimi vilevile. Lakini yaliyomo nayajua, kwa sababu ulinisomea wewe mwenyewe, nyuma ya zizi la ng'ombe, mwaka 1963. "Mkwe wangu, mlango uko wazi. Wewe bado kijana. Mchukue mtoto uende, wala usigeuke nyuma." Nilikuwa na miaka ishirini na saba, mjane wa miaka miwili. Bila maneno hayo nisingevuka hata ule mto wenu mdogo. Nimeyala maneno hayo kama wali kwa miaka yote hii.

Sasa naomba. Kwenye tambiko la kaburini la mwezi wa kumi kwa kalenda ya zamani, ukoo wote ukiwa pale, wewe ndiye unayesoma sala ya mababu. Ukimaliza sala, wasomee na karatasi hii. Nitakuja nayo, mimi na Geumrye. Nataka Shangazi Daegok asikie kwa masikio yake kwamba baba mkwe mwenyewe alinifungulia mlango.

Sitaki zaidi ya hapo. Nimechoka kuitwa jina hilo.

Ma Okbun


Gamgol, 3 Septemba 1992

Shemeji yangu mheshimiwa,

Kuna watu hapa wananiambia nisikuite shemeji, eti uliolewa kwingine. Nawaambia ushemeji si kazi ya serikali, haustaafu. Kwa hiyo shemeji, shikamoo.

Barua yako imenikuta juu ya paa naanika pilipili. Mwaka huu pilipili zangu ni nyekundu mpaka ndege wanapita mbali wakidhani nyumba inaungua. Mkulima kutoka wilaya ya pili alikuja kuniuliza siri yangu ni nini. Nikamwambia ni kuzitukana kila asubuhi. Akaandika kwenye daftari.

Habari za mzee Tak zimenihuzunisha. Mwambie mimi nilipokuwa Jubail, Arabuni, nikiendesha lori la zege, nilivuta mchanga kwa miaka mitatu, na nikikohoa bado natoa nusu ya jangwa. Mwambie pia kwamba jiko lako peke yake ni dawa.

Sasa hili la Shangazi Daegok. Shemeji, mimi nimebishana na Waarabu, na Wafilipino, na Mjerumani mmoja mwenye ndevu za mbuzi aliyedai sijui kurudisha lori nyuma. Nilirudisha lile lori kati ya mitungi miwili ya gesi huku nakula tikiti. Mwanamke wa miaka sabini na sita mwenye meno manne atanishinda? Niachie mimi. Nitampelekea mtungi wa pombe ya mchele, tutakaa, na akitoka hapo atakuwa anakuimbia.

Lakini kusoma kaburini, sijui. Kwanza koo langu mwaka huu si lile. Pili, tambiko ni la mababu wa zamani, na baba si wa zamani kiasi hicho, anaweza kuona tunamkweza. Tatu, wino wa miaka ile ulikuwa wa masizi, nadhani umeshafifia, tutamwaibisha mzee bure. Nne, basi la kutoka Yeongju siku hizi linapita barabara mbovu mno. Na yale maneno mimi nayakumbuka vizuri, hayahitaji karatasi. Acha nimwambie shangazi kwa mdomo, yamwingie taratibu.

Nakutumia mfuko wa pilipili za kusaga. Usitie nyingi, wachimba makaa wako wataona mgodi umefunguliwa upya.

Shemeji yako,
Pyo Mandeuk


Cheoram, 15 Septemba 1992

Shemeji Mandeuk,

Pilipili zimefika siku mbili kabla ya sikukuu ya mavuno. Asante. Ni kali kweli.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mwandiko ni wako, herufi ni zetu, hakuna neno nisilolijua, na bado sijaelewa unasema nini. Umeanza na pilipili ukaishia kwenye barabara mbovu. Sababu nne ni nyingi, shemeji. Mtu mwenye sababu huwa nayo moja.

Kumwambia kwa mdomo haitoshi. Yule atasema umeyatunga kwa kunihurumia, maana kila mtu anajua moyo wako. Karatasi yenye mwandiko wa baba mkwe hawezi kuipinga. Mwandiko ule anaujua, ndiye aliyekuwa akimsagia wino.

Umesema wino umefifia. Haujafifia. Nilikwenda shule ya msingi wakanitolea fotokopi, nimeiambatanisha, uone mwenyewe. Hapo shuleni yupo mwalimu mstaafu anayesifika kwa herufi za Kichina. Nilimwonyesha. Aliivua miwani, akaivaa, akaniuliza upande upi ni wa juu. Mwishowe akatambua herufi moja tu, ile ya mraba, akasema hii ni mdomo. Nyingine zote akasema ni mwandiko wa mbio, na mkono wenyewe haukuwa mzima. Nikamwambia ndiyo, aliandika kwa kushoto, kulia kulikuwa kumekufa kwa kiharusi. Akanirudishia kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha mtoto anayelia.

Unakumbuka baba mkwe alivyokuwa akisema? Pua na koo tu, midomo haifungi. Mama mkwe alikuwa akitoka nje akalia, na wewe ulikuwa unamwitikia ndiyo baba, ndiyo baba, kwa kila kitu. Mimi sijui nilimwelewaje. Nilikuwa namlisha, nadhani niliyasoma maneno kwenye kijiko kabla hayajatoka. Watu wa kijiji wakija na mashauri yao ya mashamba, yeye ananguruma, mimi nasema. Mjane wa miaka ishirini na tano, nikawa naamua mipaka ya watu.

Ndiyo maana najiuliza, mpaka leo. Kama alikuwa na la kuniambia, si angeniambia? Kwa nini aniandikie mimi, nisiyejua, kwa herufi zile?

Wewe ulimsoma. Utakuwa unajua.

Ma Okbun


Gamgol, 29 Septemba 1992

Shemeji,

Samahani kwa kuchelewa. Mavuno, na trekta la jirani, na mambo.

Fotokopi nimeiona. Naomba kitu kimoja tu. Usimwambie mtu yeyote wa huku juu ya karatasi kabla hujapata barua yangu nyingine. Na tiketi usikate.

Leo sina utani.

Mandeuk


Cheoram, 5 Oktoba 1992

Shemeji Mandeuk,

Barua yako imefika, lakini mmechelewa wote wawili, wewe na posta. Shangazi Daegok nilishampigia simu kutoka dukani kwa jirani. Nikamwambia nina karatasi ya kaka yake, na kwamba nakuja. Akasema niende nayo, isomwe mbele ya ukoo, na kama inasema ninavyosema, atanimiminia pombe kwa mkono wake na kumwomba Geumrye msamaha. Na kama haisemi hivyo, nisikanyage Gamgol tena, wala mtoto wangu asikanyage.

Nikakubali. Kwa nini nisikubali?

Geumrye ameomba ruhusa kazini. Amenishonea koti la kijivu. Ni tarehe nne Novemba, sivyo? Niambie tu tushuke stesheni ipi.

Unanitia wasiwasi, na mimi wasiwasi wangu umekwisha, niliumaliza zamani.

Okbun


Gamgol, 14 Oktoba 1992

Shemeji Okbun,

Kaa chini kwanza. Funga jiko.

Mimi sijui kusoma herufi za Kichina.

Najua kadhaa, zile za vituo vya basi na zile za kwenye chupa za pombe. Baba alikuwa mwalimu wa watoto arobaini, chumba chetu cha mbele kilikuwa shule yake, na mtoto wake wa kumzaa aliishia darasa la nne la shule ya serikali na wiki sita za darasa lake. Wiki ya saba alinichapa kwa sababu nilichora chura mahali pa jina la mfalme. Nikakimbilia mtoni. Hakunifuata. Kaka Jangdeuk, marehemu mume wako, ndiye aliyesoma. Mimi nilibaki kuwa mwana wa mwalimu, na watu wakaona inatosha. Jangdeuk alipofariki wakanipa ile karatasi ya sala ya mababu, na hakuna aliyeniuliza kama naweza. Nami sikuwahi kusema siwezi jambo lolote maishani mwangu, wewe unanijua.

Sala nimeishika kwa masikio, kutoka kwa ba'mdogo. Naishika karatasi, navuta pumzi, naimba. Mwaka 1985 upepo ulininyang'anya karatasi katikati ya sala ikaenda zake bondeni, nami nikaendelea kusoma hewa mpaka mwisho. Hakuna aliyeshtuka. Shangazi Daegok alilia machozi, akasema mwaka ule nimesoma vizuri kuliko miaka yote. Nimewasomea miaka thelathini kitu nisichokijua, nao wametikisa vichwa kwa kitu wasichokijua, na mababu, kama wapo, wametuvumilia.

Siku ile ya zizini ulikuja na karatasi ndani ya aproni. Mikono yako ilikuwa imepasuka, ndiyo ninayoikumbuka kuliko uso wako. Ulikuwa umeamka kabla ya jogoo, umepika, umemgeuza baba, umefua nguo zake mtoni, na mama alikuwa amekugombeza kwa kuvunja sahani. Ukaniambia, "Shemeji, nisomee, baba amenipa hii na amefumba macho." Nikaitazama. Ilikuwa kama kuku amekanyaga wino akakimbizwa na mbwa. Kusema sijui ilikuwa neno moja. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, na wewe ulikuwa unanitazama kama mtu mwenye akili, na hilo halikunitokea mara nyingi.

Nikafikiri, mzee huyu atakuwa ameandika nini? Wajibu wa mjane. Utii. Mambo yale. Nikasema hapana, haya sitamsomea, hata kama yameandikwa. Basi nikasoma kilichokuwa moyoni mwangu mimi. Mlango uko wazi. Wewe bado kijana. Mchukue mtoto uende. Hata lile la kutogeuka nyuma niliongeza kwa sababu lilikuwa na mlio mzuri.

Nilijiona mtu mkubwa, shemeji. Miaka mingi nimejiona hivyo. Kule Arabuni tulipokuwa tunalala mabati yakiungua, kila mtu alikuwa anahesabu mema yake, na mimi nilikuwa nakuhesabu wewe.

Ulipotuma fotokopi nilikwenda Andong kwa mzee mmoja anaitwa Gwak. Anasoma hati za zamani, za makaburi na mipaka, hana kazi nyingine na hana mwili mwingine zaidi ya macho. Nilimwambia nitaisubiri palepale, mimi mtu wa haraka. Akasema hata yeye ni mtu wa haraka, nirudi baada ya siku kumi na moja. Nilimpelekea pilipili, hakuzitazama.

Niliporudi akanikalisha. Akasema kuna karatasi ngumu kwa sababu ya lugha, na ngumu kwa sababu ya mwandiko, na ngumu kwa sababu ya mkono mgonjwa, na hii ni ngumu kwa zote tatu. Lakini si hizo zilizomchelewesha. Nakuandikia alivyosema, kwa sababu nimejaribu kuyapunguza nikashindwa. Alisema, "Mtu anayetaka kusomwa huandika wima na polepole, hata akiwa na mkono mmoja. Huyu ameandika kama anayezika kitu, halafu anafagia nyayo zake."

Nikamuuliza kwa nini basi amwandikie mwanamke asiyejua. Akaniuliza kama baba alikuwa mtu wa kuomba. Nikasema sijamsikia akiomba hata chumvi. Gwak akasema basi ndiyo hiyo, alitaka awe amesema, bila kusikiwa akisema.

Haya ndiyo yaliyomo. Nayaandika kwa herufi zetu, kubwa, polepole.

"Mkwe. Najua unaitazama njia. Usiende kabla sijafa. Wewe ndiwe mdomo wangu. Nikibaki na hawa, nitakufa kabla ya kufa."

Halafu kuna herufi mbili Gwak ameshindwa kuzisoma, kisha jina lake.

Hawa ni sisi, shemeji. Mimi na mama.

Aliishi miaka minne baada yako. Watu wa mashauri wakaacha kuja, maana hakukuwa na wa kuwaambia. Alikuwa na sauti moja aliyoirudia kuliko zote, ndefu, inaanzia puani na kushuka. Ile tulikuwa tunaijua, ile ni maji. Tulimpa maji. Akifunga meno tulifungua kwa kijiko. Akilia tulisema yamempalia. Usiku na mchana maji, mpaka godoro likaoza. Mimi nilikuwa nasema ndiyo baba, ndiyo baba, na mama alikuwa anasema mzee huyu ana kiu ya ajabu.

Sasa sikiliza. Tarehe nne, kati ya watu wote watakaopanda mlima ule, hakuna hata mmoja anayeweza kusoma karatasi. Gwak hatakuwepo. Shangazi anaujua mwandiko tu, maneno hayajui. Mimi nimejizoeza siku tano kwenye banda la trekta. Nikisimama pale nikasoma yale ya zizini, kwa sauti yangu ile ya sala, hakuna duniani atakayejua. Shangazi atakumiminia pombe. Geumrye atarudi nyumbani na mama safi. Mimi ni mwongo mzoefu, sitatetereka. Sema tu neno.

Au nisome ya kweli. Au nisimame niwaambie sijui kusoma, waanze na mimi, wanipige kwa matawi ya msonobari. Hilo nalo niko tayari, mgongo ninao.

Ukitaka kunitukana, andika kwa herufi zetu, nielewe yote.

Mandeuk


Cheoram, 26 Oktoba 1992

Mandeuk,

Barua yako ilifika Jumatatu ya wiki iliyopita. Nilifunga mgahawa siku mbili. Watu waligonga, nikawasikia wakiulizana kama mzee Tak amekufa. Yeye alikuwa ameketi kwenye godoro lake ananitazama. Hana pumzi ya kuuliza sentensi nzima, huuliza kwa nyusi. Nikamsomea barua yako yote, hata ya chura. Kwenye chura alicheka, akakohoa hadi jioni.

Nilikukasirikia. Sitakudanganya, bado. Umenilisha wali usiokuwepo kwa miaka ishirini na tisa, na mbaya zaidi nilishiba. Ningekuwa na miaka arobaini ningepanda treni nije nikuvunjie mtungi kichwani. Sasa naona uvivu hata wa kuandika tusi.

Lakini lipo jambo hulijui, na nilidhani nitazikwa nalo.

Ile sauti ndefu, ya puani, inayoshuka. Haikuwa maji. Ilikuwa "usiende."

Aliisema mara ya kwanza msimu wa kupandikiza mpunga. Nilikuwa nimemaliza kumlisha. Mama mkwe alikuwa kando anakunja nguo, akainua kichwa akaniuliza mzee anasema nini. Nami kweli nilikuwa nimeanza kuitazama njia. Nilidhani hakuna aliyeniona, kumbe mtu asiyeweza kugeuza shingo ndiye aliyeniona. Sikutaka mama mkwe ajue. Wala sikutaka kumjibu mzee. Nikasema, "Anataka maji." Nikaenda, nikaleta, nikamshikia kichwa. Alinitazama mpaka kikombe kikaisha.

Alisema tena kesho yake. Nikaleta maji. Alisema mbele ya wageni, mbele yako wewe, mbele ya Shangazi Daegok alipokuja na pichi zake. Kila mara nilileta maji. Ninyi mkaona, mkajifunza. Mkwe anajua, mkwe kasema ni maji. Mimi ndiye niliyewafundisha neno lile, Mandeuk. Mlikuwa wanafunzi wazuri kuliko ulivyokuwa kwa baba yako.

Baada ya mwezi akaacha kuniambia. Akaomba brashi. Hilo nilimtafsiria sawasawa.

Nilipoipokea karatasi niliogopa kusomewa. Nilizunguka nayo kwenye aproni siku nne. Nilijua imeandikwa nini, au nilidhani najua. Ndipo nikakuletea wewe, nikiwa tayari kusikia usiende kwa herufi za wasomi, maana neno likishaandikwa huwezi tena kulijibu kwa kikombe. Nawe ukasoma mlango uko wazi. Unakumbuka nililia? Uliniambia nisilie, ni habari njema. Nililia kwa sababu niliona mzee amenihurumia. Nilimjibu maji mwezi mzima, naye akaniruhusu. Nikaondoka nikimpenda. Hata kwaheri nilimpa kwa furaha, yeye amefumba macho, nami nikasema moyoni, amelala kwa amani.

Sasa najua alikuwa hajalala.

Basi hivi ndivyo ilivyokuwa. Alisema wazi, na kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyemwelewa, na mtu huyo akajifanya hakumwelewa. Akaandika, akampa asiyejua kusoma, naye akampelekea mwenzake asiyejua kusoma. Wewe ulidanganya kwa sababu hukujua. Mimi nilidanganya kwa sababu nilijua. Ukitaka kupigwa kwa matawi ya msonobari, simama nyuma yangu kwenye foleni.

Nimefikiri sana juu ya unalolisema, usome yale ya zizini. Nakiri nilitamani. Usiku mmoja, au mchana, sijui, niliisikia sauti yako ukiyasoma pale mlimani, na Shangazi Daegok akiinama na buli la pombe. Niliona jinsi koti la kijivu litakavyonikaa. Kisha nikafikiri, mzee atakuwa amelala palepale, hatua tatu kutoka miguuni kwangu, na kwa mara nyingine tunamletea maji.

Usisome ya uongo. Na ya kweli usisome vilevile, kwa sababu huwezi, na umechoka kuigiza, nimeona kwenye mwandiko wako. Sala ya mababu waimbie kama kawaida, hilo ni lenu na wao.

Mimi nakuja. Tarehe tatu tunapanda treni, mimi na Geumrye. Kutoka hapa hadi Yeongju kuna saa mbili na zaidi, zinatosha nimweleze yeye kwanza, njiani, penye mahandaki asinione uso. Akitaka kushuka katikati, nitamwacha ashuke. Mzee Tak ataangaliwa na jirani. Ameniambia niende. Alisema kwa pumzi tatu, nikamwomba arudie, akarudia, na nimehakikisha nimesikia sawa.

Shangazi Daegok atasema mimi ni yule niliyetupa soksi, na safari hii sitakuwa na la kumpinga. Itabidi tusikanyage tena Gamgol, kama tulivyopatana. Nimekubali. Miaka yote nimeogopa asiniite jina hilo, na sasa nikilitazama naona ni zito lakini ni saizi yangu. Geumrye peke yake ndiye ninayemwonea huruma.

Tupokee stesheni. Usilete pilipili, usilete utani mpaka nianze mimi.

Nitaibeba karatasi, lakini itabaki imekunjwa. Tukifika kaburini, Shangazi Daegok atakugeukia wewe, akuulize mzee alisema nini. Usimjibu. Nitajibu mimi. Ndiyo ilikuwa kazi yangu nyumbani kwenu.

Shemeji yako,
Okbun